Pampu ya HP 1.5 iliyoshindwa na bomba la nusu inchi

Shangazi alinipigia Jumapili asubuhi, shikamoo yangu akaiitikia nusunusu. "Marahaba. Mwanangu, nimenunua pampu kubwa, umeme wa LUKU unakwisha mbio, na tanki bado linajaa kwa kusuasua. Nimeibiwa?"

Nyumba yake iko Kimara, Dar es Salaam, upande unaoteremkia bondeni. Bomba la mtaa linapita chini, na maji yakija hayafiki uani, kwa hiyo tanki la kupokelea, la lita 5,000, limewekwa mwisho kabisa wa kiwanja na pampu iko pembeni yake. Tanki la kugawia, la lita 2,000, limekaa juu ya mnara wa zege nyuma ya nyumba. Nilipima kwa kamba: kutoka usawa wa maji ya chini hadi pale yanapomwagikia juu ni mita 12. Katikati kuna bomba la nusu inchi, urefu wake kama mita 30 ukihesabu na kona zake. Nyumba ni ya ghorofa moja, ina wapangaji sita, na tanki la juu hujazwa mara mbili kwa siku.

Pampu ya zamani ilikuwa ya HP 0.5 (HP ni nguvu ya farasi, kipimo cha nguvu ya mota). Ilijaza tanki kwa saa moja na dakika arobaini. Wapangaji wakawa wanalalamika kwamba maji hayana nguvu. Shangazi akayabeba maneno hayo yalivyo hadi duka la vifaa, akauziwa pampu ya HP 1.5. Hesabu yake ilikuwa ya kawaida kabisa: nguvu mara tatu, basi tanki lijae kwa theluthi ya muda. Badala ya dakika 33 alizotegemea akapata dakika 57. Tena kila pampu ikiwashwa taa za barazani zinafifia, bomba linavuma ukutani, na uniti zinakwenda kuliko zamani. Wapangaji wakaipa jina kabla ya wiki kwisha: nguvu ya soda.

Hakuibiwa. Pampu ni nzima, HP zake ni za kweli. Kilichomponza ni neno lenyewe, nguvu, ambalo katika nyumba ile lilikuwa linabeba mizigo mitatu kwa mpigo. Mpangaji wa juu aliposema maji hayana nguvu, alikuwa anazungumzia presha ya bafuni kwake. Shangazi alisikia kwamba tanki linachelewa kujaa. Fundi wa dukani akasikia HP. Kila mmoja alikuwa na haki ya kulitumia neno hilo, na kila mmoja alikuwa anazungumzia jambo lake.

Darasani tunajitahidi kuyatenganisha. Kani ni ule msukumo au mvuto. Kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Nishati ndiyo inayolipia kazi, na LUKU inauza nishati. Nguvu, kwa maana ya fizikia, ni kazi ikigawanywa kwa muda: imefanyika kwa haraka kiasi gani. Kizio chake ni wati, na wati moja ni jouli moja kila sekunde. Wanafunzi wangu hulikariri hilo vizuri sana, halafu mtihani ukiuliza "pampu yenye nguvu zaidi hutumia nishati zaidi, kweli au si kweli?" nusu ya darasa inaandika kweli bila kuuliza imewashwa kwa muda gani.

Sasa tupige hesabu ya maji peke yake, tukisahau pampu. Lita 2,000 ni kilo 2,000. Kila kilo inavutwa chini kwa kani ya nyutoni 9.8, na inapanda mita 12. Zidisha yote, unapata jouli 235,200. Hiyo ndiyo kazi ya kupandisha tanki zima, na haibadiliki ukipandisha kwa pampu ya HP 0.5, kwa pampu ya HP 1.5 au kwa vijana wenye ndoo. Uniti moja ya LUKU ni jouli 3,600,000. Kwa hiyo tanki zima, kama hakuna kinachopotea njiani, linahitaji uniti 0.065. Kwa bei aliyokuwa analipa shangazi, kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na makato, hizo ni shilingi 23. Nilipomwambia alicheka kwa dharau. "Ishirini na tatu? Basi hizo nyingine zinakwenda wapi?"

Ndiyo kazi iliyonipeleka Kimara Jumamosi iliyofuata.

Vifaa vyetu vilikuwa ndoo ya lita 20, simu mbili zenye saa ya sekunde, na taa ndogo nyekundu kwenye mita ya umeme. Ukiangalia vizuri uso wa mita nyingi utaona taa hiyo ikipepesa, na pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Hii ya shangazi imeandikwa 1000. Maana yake kila ikipepesa, jouli 3,600 zimepita. Zima kila kitu ndani ya nyumba, acha pampu peke yake, hesabu mipepeso kumi, gawanya jouli 36,000 kwa sekunde ulizohesabu: umepata wati ambazo pampu inavuta pale pale, bila kununua kifaa chochote. Binamu yangu alipanda mnarani na ndoo, akawa anakinga mdomo wa bomba na kupiga kelele ndoo ikijaa.

Tulianza na pampu mpya. Mipepeso kumi ilichukua sekunde 28, yaani wati 1,286. Ndoo ilijaa kwa sekunde 34. Tukaifungua, tukarudisha ile ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo chini ya magunia ya mkaa. Mipepeso kumi kwa sekunde 72, yaani wati 500. Ndoo kwa sekunde 60 kamili, au nusu sekunde huku au kule, kulingana na sauti ya binamu.

Kaa kidogo na hiyo ndoo ya dakika moja. Kupandisha kilo 20 za maji mita 12 ni jouli 2,352. Kwa sekunde 60, hizo ni wati 39. Pampu inavuta wati 500 kutoka kwenye mita na maji yanapata 39, chini ya balbu ndogo ya kizamani. Kijana mwenye afya anayepeleka ndoo moja juu ya mnara kila dakika angekuwa anatoa huduma ileile, ingawa yeye angechoka zaidi, kwa sababu kila safari anaupandisha na mwili wake, kilo sitini au sabini ambazo hakuna mpangaji anayezilipia. Pampu mpya? Jouli 2,352 kwa sekunde 34 ni wati 69. Imeongeza wati 30 kwenye maji na kwa ajili hiyo inavuta karibu wati 800 zaidi kwenye mita.

Kwa tanki zima, yaani ndoo 100, pampu ya zamani ilikuwa inakula uniti 0.83 na mpya uniti 1.21. Kwa matanki sitini ya mwezi, tofauti ni uniti 23 hivi, zaidi ya shilingi 8,000. Shangazi hakuwa anaota.

Geji ndiyo iliyosema

Hapo nilikuwa tayari nalishuku bomba, lakini shaka si ushahidi. Fundi bomba wa mtaani, mzee mmoja mpole ambaye shangazi alimwita baada ya kukata tamaa na yule wa dukani, alikuwa na geji ya presha kwenye mkoba wake. Tukaifunga kwenye mdomo wa kutolea wa pampu.

Pampu ikiwa imezimwa na bomba limejaa, mshale ulisimama kwenye bar 1.2. Hiyo ni sawa: kila mita 10 za maji yaliyosimama ni karibu bar moja, na sisi tuna mita 12. Tukawasha pampu mpya. Mshale uliruka ukatulia karibu na 4.

"Mwalimu," akasema yule mzee, "huyu anapandisha maji ghorofa ya kumi na mbili."

Sikuwa na maneno bora kuliko hayo. Bar 4 ni kama mita 40 za maji. Mita 12 ndizo mnara. Mita 28 zilizobaki hazipo popote Kimara. Zimo ndani ya bomba. Kuyasukuma maji lita 35 kwa dakika ndani ya tundu la nusu inchi kunayakimbiza zaidi ya mita 3 kila sekunde, na yakikimbia hivyo yanajisugua ukutani na kwenye kona. Sehemu kubwa ya kazi ya pampu ilikuwa inaishia katika msuguano huo. Ikawa joto, ingawa huwezi kulihisi kwa mkono: ukipiga hesabu, maji yanapanda joto chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Mlio wa bomba ukutani, ule uliokuwa unawaamsha wapangaji, ndiyo alama pekee uliyoweza kuitambua kwa masikio.

Ubaya wa msuguano wa bomba ni kwamba haukui kwa hesabu ya moja kwa moja. Ukitaka maji yapite kwa wingi mara mbili, presha inayopotea inazidi karibu mara nne, na kwa kuwa nguvu ni presha ikizidishwa kwa wingi wa maji yanayopita kila sekunde, wati zinazopotea zinazidi karibu mara nane. Ndiyo maana HP mara tatu haikuleta hata maji mara mbili. Upande wa pili wa sheria hiyohiyo ni wa neema: kipenyo cha tundu kikiongezeka mara mbili, hasara kwa maji yaleyale inashuka hadi karibu sehemu moja ya thelathini. Hakuna mota inayoweza kushindana na hilo.

Bomba jipya

Tulinunua bomba la inchi moja, mita 30, na kona chache kuliko zamani. Mzee alilipitisha nje ya ukuta ili kuepuka zile kona tano za mwanzo. Saa tisa alasiri tukawasha, mimi nikiwa na uhakika wa kutisha, na geji ikasoma 3.1.

Niseme ukweli, nilifadhaika. Mzee hakusema kitu. Alipanda mnarani, akakaa huko dakika mbili, akashuka na boya mkononi. Lile boya linalofunga maji tanki likijaa lilikuwa bado la nusu inchi, na tundu la ndani ya kizibo chake ni dogo zaidi, kidole cha mwisho hakipiti. Mita 30 za bomba pana na sentimita mbili za kukaba mwishoni. Alibadilisha la inchi moja, tukawasha tena.

Pampu mpya: geji 2.5, ndoo kwa sekunde kumi na mbili na nusu, mipepeso kumi kwa sekunde 22. Pampu ya zamani: geji 1.3, ndoo kwa sekunde 41, mipepeso kumi kwa sekunde 80. Binamu juu alikuwa amelowa hadi kiunoni kwa sababu ndoo ya sekunde kumi na mbili haimpi mtu nafasi ya kuiondoa.

Sehemu ninayoipenda katika kisa kizima ni hapa. Kwa bomba jipya, pampu ndogo inajaza tanki kwa dakika 68 ikivuta wati 450, jumla uniti 0.51. Pampu kubwa inajaza tanki hilohilo kwa dakika 21 ikivuta wati 1,636, jumla uniti 0.57. Karibu sawasawa! Ile imani kwamba pampu kubwa inakula umeme inakufa papo hapo. Inavuta zaidi kila sekunde, lakini sekunde zenyewe ni chache, na kazi ni ileile ya jouli 235,200. Kilichokuwa kinakula umeme mwezi uliopita ni mita 28 za ghorofa hewa. Ukimnunulia mtu HP bila kutazama njia ya maji, unampa farasi watatu na kuwafunga wote kwenye mlango mmoja wa banda.

Kwa kuwa nimewataja farasi: kibao cha pampu kimeandikwa HP 1.5, na chini yake kW 1.1. Farasi mmoja ni wati 746. Kipimo hicho alikitunga James Watt, Mskoti, mwishoni mwa karne ya 18, alipokuwa anawauzia injini za mvuke watu waliozoea kuendesha vinu kwa farasi na waliotaka kujua injini moja ingewapumzisha farasi wangapi. Alichukua farasi wa kinu anayezunguka umbali wa futi 12 kutoka katikati, mizunguko 144 kwa saa, akivuta kwa ratili 180. Hesabu ikaja kama 32,572, akaikaza hadi 33,000 za futi na ratili kila dakika. Ni kipimo cha mfanyabiashara, na farasi wengi wa kawaida hawawezi kukifikia kutwa nzima. Baadaye kizio cha nguvu kikapewa jina lake mwenyewe, ndiyo hiyo wati iliyoko kwenye kila balbu.

Lakini kuna jambo la kibao ambalo wauzaji wengi hawalisemi. HP ile ni nguvu inayotoka kwenye shafti ya mota kuelekea kwenye maji. LUKU haihesabu hiyo, inahesabu inayoingia, na kati ya kuingia na kutoka kuna joto la mota. Gusa mota iliyofanya kazi nusu saa, utajua sehemu ya fedha yako imekwenda wapi. Zaidi ya hapo, ndani ya pampu zenyewe maji mengine yanazunguka bila kutoka. Hata baada ya marekebisho yote, kati ya wati 1,636 zilizoingia, maji yalipanda na 188. Wapo watakaoshtuka. Kwa pampu ndogo za majumbani si jambo la ajabu, na hata hivyo ni zaidi ya maradufu ya ilivyokuwa.

Taa kufifia ni suala la haraka. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa wa ule wa kawaida, kwa kitambo kidogo tu. Waya wa kwenda bondeni ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, mrefu, na taa za barazani zimegawana nao. Mkondo mkubwa kwenye waya mwembamba unapoteza volti njiani. Fundi umeme akaweka wa 2.5 wa peke yake kwa pampu, na hilo likaisha.

Ikabaki kuchagua pampu ipi ikae. Mimi nilipendekeza ya zamani. Inatosha, haitingishi umeme, na ile mpya ingeuzwa ikiwa bado na boksi lake. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana.

"Wewe unahesabu uniti. Mimi nahesabu umeme ukikatika. Ukirudi kwa nusu saa halafu ukaondoka tena, hii kubwa imeshanijazia. Hiyo ndogo ingekuwa bado inahangaika."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ametoa maana ya nguvu vizuri kuliko ninavyoitoa ubaoni. Kazi ni ileile, bei karibu ileile. Unachonunua kwenye HP ni muda, na yeye ndiye anayejua muda wake una thamani gani. Pampu ya zamani imerudi stoo, safari hii juu ya magunia ya mkaa.

Mpangaji wa ghorofani bado anaoga maji ya mchirizi. Hilo halikuwahi kuhusiana na pampu. Kitako cha tanki la juu kimezidi kichwa cha bomba lake la mvua kwa mita moja na kidogo tu, ambayo ni bar 0.13, na maji yanayoshuka hayajui yalipandishwa na farasi wangapi. Wa chini, mwenye mita tano juu yake, hajawahi kulalamika. Dawa ni kuinua mnara, na fundi mwashi ameshakuja kupima mita mbili za nyongeza.

Kabla hajampa malipo ya awali, shangazi alinipigia tena. Hakuuliza pampu ya HP ngapi. Aliuliza mita mbili hizo zitamwongezea uniti ngapi kwa tanki. Kilo 2,000, nyutoni 9.8, mita 2: jouli 39,200 kwenye maji. Kwa jinsi pampu yake inavyopoteza, mita itasoma kama uniti 0.09, shilingi thelathini na kitu.

"Jenga," nikamwambia.